Bei ya pikapu iko mikononi mwa fundi

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 ina jedwali la uchakavu wa mali za biashara. Pikapu imewekwa daraja la kwanza, pamoja na kompyuta, magari madogo na magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani saba, na kila mwaka mhasibu anaruhusiwa kukata asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Pikapu iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 100 inamaliza mwaka wa kwanza ikiwa na milioni 62.5 kwenye daftari, wa pili milioni 39, wa tatu milioni 24.4, wa nne milioni 15.3. Mwaka wa tano ukiisha, daftari linasema imebaki milioni 9.5.

Sasa chukua hizo milioni tisa na nusu uende nazo Kinondoni, kwenye yadi za magari, ukaulizie Hilux dabo kebini ya miaka mitano. Hupati. Kwa fedha hizo utaonyeshwa gari dogo la kutembelea, tena lililokwisha kuzeeka.

Pengo kati ya hesabu ya ofisini na bei ya mtaani ni kubwa mno kuliachia madalali peke yao. Katika nchi yetu pikapu ni akiba. Mfanyabiashara wa Mbeya ambaye hana kiwanja mjini wala hisa sokoni anakuwa na Hilux, na siku mtoto akifaulu kwenda chuo au mama akilazwa, Hilux ndiyo inayouzwa. Kwa hiyo swali la kwa nini bei yake inashuka, au haishuki, ni swali la maisha ya watu. Nami naona wengi wanalijibu kwa haraka kwa kutazama nembo iliyo mbele ya gari.

Tuanze na ugavi. Bei za magari yetu madogo, akina IST, Vitz na Passo, zinapangwa Japani. Kule watu hubadilisha magari mapema, minada ya magari yaliyotumika haikauki, na meli zinayashusha Dar es Salaam na Mombasa mwaka mzima. Mwenye IST akiitoa sokoni anashindana na nyingine iliyoteremshwa bandarini juzi, tena ikiwa safi kuliko yake. Hilux haina mkondo huo. Toyota iliacha kuiuza nchini Japani mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017. Kwa miaka 13 soko linalotulisha magari halikupata Hilux mpya za kuja kuzeeka na kuletwa kwetu. Kizazi chake cha saba, ambacho huku tunakiita Vigo kama Wathailandi, Wajapani hawakuuziwa kabisa. Zinazotufikia zimetoka Thailand, Uingereza au Afrika Kusini, ama zimenunuliwa mpya hapahapa kwa wakala. Bidhaa ikiwa chache na wanaoitaka wakiwa wengi, uzee wake haushushi bei kwa kasi.

Juu ya ugavi inakaa kodi. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 25, nao hupigwa kwenye bei ya gari ikiwa imejumlishwa na nauli ya meli na bima. Ukishaongezwa ushuru, ndipo inapigwa VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Gari lililofika bandarini likiwa na thamani ya 100, linakaribia geti likiwa 147.5, na hapo tozo nyingine hazijaguswa. Kodi hiyo hairudi tena. Imeshaingia ndani ya gari. Kila atakayelinunua baadaye, hata akiwa mtu wa nne, analipa sehemu ya kodi aliyoilipa yule wa kwanza, kwa sababu njia nyingine aliyonayo ni kwenda bandarini kuilipa upya.

Kenya ina jambo la ziada. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa limezidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Pikapu ya miaka 12 iliyopo Nakuru au Eldoret haina mwenzake atakayetoka nje kuja kushindana nayo. Anayeitaka ya umri huo na bei hiyo lazima aitafute kwa Mkenya mwenzake.

Halafu kuna dola, na hapa watu wengi wanajidanganya. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,300 za Tanzania. Katikati ya 2024 ilikuwa imevuka 2,600. Mtu aliyenunua pikapu kwa milioni 40 na kuiuza kwa milioni 40 katika kipindi hicho atakuambia ameitumia bure. Hebu tupige hesabu. Alipoinunua alitoa kama dola 17,400. Alipoiuza amepokea kama dola 15,400. Akitaka kuagiza nyingine inayofanana na ile ya kwanza, amepungukiwa dola 2,000. Bei haikupanda wala pikapu haikugoma kuchakaa. Shilingi ndiyo iliyochakaa pamoja nayo. Wakenya waliona upande wa pili pia. Shilingi yao ilitoka 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 ikafika 160 Januari 2024, kisha katikati ya mwaka huohuo ikarudi karibu na 130. Aliyeagiza gari Januari alijikuta ana gari la bei ghali kuliko lile ambalo jirani yake aliliagiza miezi sita baadaye.

Mtaani hakuna anayezungumza hivi. Mtaani wanazungumza namba. Dalali wa Tanzania atakuambia ana Hilux namba C, au namba D, au namba E, na kabla hujauliza injini umeshaanza kujenga bei kichwani. Herufi ya kwanza katika kundi la mwisho la namba za usajili inaonyesha gari lilisajiliwa lini nchini. Haisemi lilitengenezwa lini. Pikapu ya mwaka 2005 iliyoingia nchini 2018 ina namba D. Pikapu ya mwaka 2013 iliyonunuliwa mpya mwaka huohuo ina namba C. Ya kwanza ina umri mkubwa zaidi kwa miaka minane, na bado nimesikia wanunuzi wakiikimbilia kwa sababu ya ile herufi. Wengine wanatoa mamilioni ya ziada kununua kibati cha nyuma. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na anayeuza kwa haki hatakuwa na shida ya kukuonyesha kadi kabla ya kuzungumza bei.

Kinachostahili kulipiwa kiko chini ya gari, na fundi anayejua kazi yake anakipata kwa nusu saa.

Kwanza anaagiza gari lisiwashwe kabla hajafika. Akifika anaweka kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, anaomba aje tena kesho alfajiri, maana injini yenye tatizo hujificha ikishapata moto. Ikiwa ya baridi, anaiwasha na kutazama moshi wa dakika ya kwanza. Mweupe unaokatika upesi haumshtui. Wa bluu unaoendelea unamwambia oili inaliwa. Injini ikiwa inaunguruma, anafungua kifuniko cha oili, anakigeuza na kukilaza juu ya tundu lake. Kikitulia pale anaendelea na mengine. Kikirukaruka, na moshi ukasukumwa nje kwa mapigo, anasema inapumua, na hapo bei imeshuka kwa gharama nzima ya ovaholi, hata kama bodi inang'aa kama sahani mpya.

Kisha analala chini na tochi na nyundo ndogo. Anagonga chesisi kutoka usawa wa kebini kwenda nyuma, akikazania mahali springi za nyuma zinaposhikia. Chuma kizima kinalia kikavu. Kilicholiwa kinatoa sauti butu na magamba ya kutu yanamdondokea usoni. Akiona rangi nyeusi mbichi imepakwa sehemu moja tu, anaikwangua kwa bisibisi kutafuta alama za kuchomelea. Anahesabu majani ya springi. Yakizidi yale ya kiwandani, anajua pikapu ya tani moja imekuwa ikibebeshwa mbili. Mwisho anafuta vumbi kwenye chesisi karibu na gurudumu la mbele la kulia, anapapasa namba iliyopigwa pale na kuilinganisha na kadi, tarakimu moja moja.

Hapo ndipo kazi iliyofanywa na gari inapojitokeza. Pikapu iliyobeba samaki kutoka Kilwa au Tanga huwa ina injini nzuri, kwa sababu safari zake ni ndefu na za lami. Ila maji ya barafu yenye chumvi yamekuwa yakidondoka kutoka kwenye makasha, siku baada ya siku, yakipita kwenye sakafu ya bodi hadi kwenye chesisi. Nimeona moja ambayo bodi yake ya nyuma ilitikisika kwa mkono mmoja. Iliyofanya kazi machimboni Geita au Chunya ina kinyume chake: chesisi kavu na nzima, huku difu na bolijointi zimekwisha na vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya dashibodi. Kenya wanazijua vizuri zile zinazokimbiza miraa kutoka Maua kwenda Nairobi usiku, kwa vile mzigo ule unapoteza thamani kila saa inayopita. Mnunuzi akigundua gari lilikuwa la miraa, anaanza mazungumzo kutoka chini kabisa.

Haya yote yanawezekana kwa sababu kuna fundi anayeifahamu Hilux kwa kuipapasa, na kuna muuza spea anayeweza kumpatia kifaa siku hiyohiyo. Anayetaka kuona bei ya gari inavyoshikiliwa apite Gerezani na mtaa wa Shaurimoyo pale Dar es Salaam. Difu, gia boksi, taa, milango, injini nzima zilizoshushwa kutoka Dubai na Japani zimepangwa barabarani. Nyanya za Ilula hazisubiri spea iagizwe kwa majuma matatu. Pikapu ambayo ikilala Jumatatu inaamka Jumanne ina thamani kubwa kuliko ile yenye starehe zaidi ambayo ikilala inalala mwezi mzima, na tofauti hiyo ndiyo mnunuzi anayoilipia.

Historia ya Peugeot 504 inathibitisha. Gari hilo na Hilux vilizaliwa mwaka mmoja, 1968. Kwa miongo miwili 504 ndiyo iliyokuwa pikapu ya heshima katika sehemu kubwa ya Afrika, na barabara mbaya ilizizoea: mwaka 1975 Ove Andersson, Msweden, alishinda Safari Rally akiwa kwenye 504. (Andersson huyohuyo baadaye ndiye aliyeiongoza timu ya mashindano ya Toyota barani Ulaya.) Kenya iliendelea kuiunganisha hadi mwaka 2004. Haikushindwa kwa udhaifu wa chuma, maana zipo ambazo bado zinabeba mikungu ya ndizi hadi leo. Uzalishaji wake uliposimama, spea zilipungua, vijana wakaacha kujifunza kuitengeneza, na wale mafundi wazee walipostaafu waliondoka na bei yake. Aliyekuwa na akiba yake ndani ya 504 aliiona ikiyeyuka ingawa gari lenyewe lilikuwa linatembea.

Kwa kipimo hicho tunaweza kuzitazama nyingine bila ushabiki. Isuzu D-Max inashika bei vizuri Kenya, ambako inaunganishwa Nairobi na spea zake zimeenea hadi miji ya kaunti. Ukiileta Tanzania, gari lilelile linapata wanunuzi wachache zaidi. Ford Ranger na Navara zinapendwa na watu wa mjini, na kwa mwendo na starehe zina haki ya kupendwa, lakini mnunuzi wa tatu, yule wa kijijini, huwa hajitokezi kwa wingi. Pikapu za Kichina zinaporomoka zaidi miaka ya mwanzo. Mimi sioni kwamba hali hiyo ni ya kudumu. Siku spea zake zitakapojaa Gerezani bei zitasimama, kama zilivyosimama za pikipiki za Kichina ambazo kila fundi wa kijijini sasa anazifungua na kuzifunga.

Je, basi mtu anunue Hilux kwa gharama yoyote kwa kuwa itarudisha fedha? Hapa naomba msomaji achukue kalamu. Tuseme pikapu ya kwanza inauzwa milioni 45, na baada ya miaka minne itauzika milioni 36. Ya pili, ya kampuni isiyo na jina, ni milioni 25, na baada ya muda huo itauzika milioni 10. Ya kwanza imepoteza milioni tisa, yaani shilingi 187,500 kwa mwezi. Ya pili imepoteza milioni 15, yaani 312,500 kwa mwezi. Ya ghali imekuwa nafuu kwa 125,000 kila mwezi, na hicho ndicho watu wanachosifia vijiweni.

Ila ile milioni 20 ya tofauti imetoka wapi? Ikiwa ni fedha yako iliyokuwa imelala tu, hesabu inasimama. Ikiwa umekopa, riba za benki zetu zimekuwa zikizunguka karibu na asilimia 15 kwa mwaka, na mwaka wa kwanza riba ya hiyo milioni 20 peke yake inafika kama 250,000 kwa mwezi. Imekula ile nafuu yote na kuomba zaidi. Kwa mkopaji, sifa ya Hilux kushika bei inamnufaisha zaidi mwenye benki, ambaye dhamana yake iko salama. Kinachoweza kumwokoa ni siku za kazi: kama pikapu ya bei rahisi italala gereji siku nne kila mwezi wa mavuno, basi atazame siku moja ya mzigo inamwingizia kiasi gani, aizidishe mara nne, ndipo aamue. Hesabu hiyo hawezi kufanyiwa na dalali wala na afisa mikopo.

Na hata aliyenunua kwa fedha taslimu ana deni analopaswa kujilipa mwenyewe. Zile 187,500 hazikatwi na mtu yeyote mwisho wa mwezi, kwa hiyo zinaonekana kama faida, zinaliwa nyumbani. Miaka minne ikipita anauza kwa milioni 36, anakuta ile anayoitaka sasa ni milioni 50 na kitu, na anarudi kwenye gari lililochoka zaidi kuliko alilouza. Nimewaona wafanyabiashara wazuri, wachapakazi, wakishuka ngazi hivyo kutoka gari hadi gari mpaka wakaishia kukodi. Jedwali la sheria, pamoja na ukali wake, lina busara ambayo mtaani hatuna: linamlazimisha mwenye gari akubali kila mwaka kwamba kitu kimeondoka.

Ukali huohuo una watu unaowanufaisha. Mashirika, halmashauri na miradi ya wafadhili yanafuata daftari. Daftari likishasema gari limekwisha, au mradi ukifungwa, magari yanapelekwa mnadani. Pikapu yenye namba za DFP, za miradi ya wafadhili, mara nyingi imefanyiwa matengenezo kwa ratiba na ina kitabu chenye mihuri. Binafsi naamini hapo ndipo penye ununuzi bora kwa mtu wa kipato cha kati, kwa masharti mawili. Gari lililoingia kwa msamaha wa kodi linadaiwa kodi hiyo likihamia kwa mtu asiyestahili msamaha, kwa hiyo bei ya nyundo si bei ya mwisho. Mnunuzi aanzie Mamlaka ya Mapato, TRA, aulize deni kabla ya kunyoosha mkono. La pili ni umiliki. Pikapu nyingi zimepita mikono mitatu huku kadi ikisoma jina la mtu wa kwanza, ambaye pengine yuko mkoa mwingine au amefariki. Gari la namna hiyo linauzika kwa hasara hata likiwa zima, na kosa hilo linazuilika kwa safari moja ya ofisini.

Swali linalonisumbua ni la miaka kumi ijayo. Injini za zamani za Hilux, 2L, 3L na 5L, hazikuwa na turbo na pampu zake za dizeli hazikutegemea kompyuta. Fundi mwenye spana na masikio alizimudu, ndiyo maana vijijini bado zinatafutwa kuliko umri wake unavyoruhusu. Kisha zikaja D-4D, kama za Vigo, za lita 2.5 na 3.0, na baadaye Revo na injini za lita 2.4 na 2.8. Zina nguvu zaidi na zinakula mafuta kidogo zaidi kwa kazi ileile, lakini nozeli zake hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa na matundu membamba, na hazivumilii uchafu wala maji kwenye dizeli. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, na tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni. Hayo yamesaidia sana. Hayazuii dizeli ya kwenye madumu, iliyopimwa kwa ndoo kando ya barabara, na pikapu nyingi za mashambani zinakunywa hiyo.

Matokeo yake, Revo iliyo safi inagombaniwa Dar es Salaam, ila mbali na mji wenye fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari wanunuzi wanaingiwa na hofu. Mashine hizo na ujuzi wa kuzitumia vinapaswa kufika Makambako, Kahama na Masasi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina vyuo mikoani. Kijana mmoja anayetoka pale akiwa anajua kupima nozeli na kusoma hitilafu analinda akiba za familia nyingi ambazo hatawahi kuzijua.

Kwa anayenunua leo akiwa na fedha ya pikapu moja tu, na shamba au duka linaloitegemea, mimi ningemwelekeza kwenye Vigo ya lita 2.5, gia za mkono, singo kebini kama familia ina usafiri mwingine, iliyotoka kwa mwenye kitabu cha matengenezo. Anunue na machujio mawili ya dizeli ya akiba siku hiyohiyo, na amwage maji yaliyojikusanya chini ya chujio kila anapobadilisha oili.